Wabangande: Wadogon ambao lugha yao si Kidogon

Muulize Mbangande kabila lake, atakujibu bila kusita kwamba yeye ni Mdogon. Muulize lugha yake, atakwambia ni Kidogon kama vilivyo Vidogon vingine vya huko kwao. Sasa mtoe kwenye bonde lake, mkalishe na Mdogon wa kijiji cha pili, kila mmoja aseme kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Hawataelewana. Na wataalamu wa isimu, waliokaa miaka wakiilinganisha lugha hiyo na lugha za jirani na za mbali, wanasema kwamba haina ndugu anayejulikana, si miongoni mwa Wadogon, si kwingineko Afrika.

Lugha hiyo ni Bangime. Inazungumzwa katika vijiji 7 tu katikati ya Mali, upande wa kaskazini-magharibi wa nyanda za juu za Bandiagara, na wazungumzaji wake wanakadiriwa kuwa kati ya elfu mbili hivi na 3,500. Kata moja ndogo ya kwetu ina watu wengi kuliko hao. Lakini swali linaloletwa na watu hawa wachache ni kubwa: inawezekanaje watu wawe Wadogon kwa kila hali, halafu lugha yao isiwe ya Kidogon?

Tuanze na neno lenyewe, maana Kidogon si lugha moja. Wadogon ni mamia ya maelfu ya watu wanaoishi juu ya nyanda za mawe, kwenye genge la Bandiagara, yaani ukuta mrefu wa mwamba unaoendelea kwa karibu kilomita 150, na kwenye tambarare ya mchanga iliyo chini yake. Dunia inawajua kwa vinyago vyao na kwa nyumba na maghala ya udongo yaliyobandikwa kwenye ukuta wa mwamba. UNESCO iliingiza genge hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1989. Tangu miaka ya 1930, Mfaransa Marcel Griaule na wenzake walipopiga kambi eneo la Sangha, habari nyingi zilizosomwa nje kuhusu Wadogon zilitoka kwenye vijiji vya hapo na vya karibu. Kilichosemwa na wazee wa Sangha kikachukuliwa kuwa ndio Udogon mzima.

Ukweli ni kwamba zipo lugha za Kidogon zipatazo 20. Tambarareni, upande wa Koro, wanazungumza Jamsay. Gengeni kuna Toro So. Karibu na mji wa Bandiagara kuna Donno So, na juu ya nyanda kuna Tommo So. Upande wa kaskazini wapo Wanajamba. Sikiliza majina yanavyomalizikia: *so* maana yake ni maneno, au lugha. Kwingine utasikia *tegu*, *tey* au *dom*, nayo yana maana hiyohiyo. Ni kama *ki-* yetu katika Kihehe na Kigogo, ila wao wameiweka mwishoni. Lugha hizi ni ndugu, lakini ndugu wa mbali kiasi kwamba Mjamsay na Mnajamba hawawezi kusikilizana bila kujifunza, kama vile Mhaya asivyoweza kumwelewa Mzaramo kwa sababu tu wote ni Wabantu.

Maafisa wa kikoloni na wasomi wa mwanzo waliziita zote lahaja, na Bangime wakaiweka kwenye kapu hilohilo. Hata wakati huo ilionekana kuwa lahaja ya ajabu. Lakini kujua kwamba lugha fulani ni ya ajabu ni jambo moja, na kujua kwamba haina udugu kabisa na zile zilizoizunguka ni jambo jingine. Mwaka 2005 Roger Blench, mtafiti Mwingereza aliyekuwa akikusanya maneno ya lugha za eneo hilo, ndiye aliyetamka wazi kwamba inaelekea Bangime si Kidogon na kwamba huenda ni lugha pweke, yaani lugha isiyo na familia.

Je, jambo kama hilo hujulikanaje? Hapa Kiswahili chetu ni mwalimu mzuri.

Chukua mgeni asiyejua lolote, mpe orodha hii: sita, saba, tisa, kitabu, habari, samahani, wakati, dunia. Akiwa anajua Kiarabu, atasema papo hapo kwamba Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu. Wapo waliosema hivyo kwa miaka mingi, na mabishano hayo tunayajua. Lakini mpe orodha nyingine: mtu, jicho, jino, moto, kula, kufa, mbili, tatu, nne. Haya utayakuta, yakiwa yamebadilika kwa utaratibu, kuanzia Kameruni hadi Afrika Kusini. Kisha mpe sentensi: *watu wawili wamefika*. Hiyo *wa-* inayojirudia kwenye nomino, kwenye namba na kwenye kitenzi ni mfupa wa lugha. Neno la kuazima huingia na kutoka kama mgeni, lakini mfupa hauazimwi kirahisi.

Kwa hiyo mtaalamu hutazama mambo matatu. Kwanza ni maneno ya msingi, yale ambayo hakuna lugha inayoyakosa: viungo vya mwili, maji, moto, kula, kulala. Pili ni kama sauti zinalingana kwa kanuni, kwa sababu maneno mawili kufanana kwa bahati si udugu. Tatu ni mtambo wa sarufi. Bangime ilipopimwa kwa mizani hiyo, ilitoka upande wa pili.

Kwenye msamiati, ni kweli kwamba Bangime imejaa maneno ya jirani. Yapo ya Kidogon, na yapo yaliyotoka kwa Wafulani na kwa mataifa mengine ya bonde la mto Niger. Jambo hilo lisimshangaze mtu, maana hakuna kijiji kinachoishi bila soko. Lakini wanaisimu Abbie Hantgan na Johann-Mattis List walipoyachambua maneno hayo kwa msaada wa kompyuta, tabaka baada ya tabaka, wakiondoa kila lililoonekana kuazimwa, bado ilibaki sehemu kubwa ya msamiati wa msingi ambayo haikupata ndugu popote.

Kwenye sarufi tofauti inaonekana zaidi, na mimi hapa ndipo ninapopapenda. Kitenzi cha lugha za Kidogon ni kama treni. Mzizi hutangulia, kisha mabehewa ya viambishi hufuata nyuma yake: wakati, ukanushi, mtendaji. Sisi tunafanya vilevile ila tunayaweka mengi mbele. Tazama *hatukuwaona*, neno moja lililobeba ukanushi, mtendaji, wakati na mtendwa kabla hatujafika kwenye *ona*. Mbangande hana treni. Lugha yake ni ile ambayo wanaisimu wetu huiita tenganishi: kila jambo lina kijineno chake, na vijineno vinasimama mbalimbali. Viambishi vinavyotumika kwa uhuru ni viwili hivi, cha wingi na cha udogo. Cha wingi kimo kwenye jina la watu wenyewe, ile *-nde* ya mwisho wa Bangande. Kwa hiyo tunaposema Wabangande tunawapa wingi mara mbili, mbele na nyuma.

Kisha kuna mpangilio wa maneno. Katika lugha za Kidogon kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, kwa kawaida hakibanduki hapo: *mkulima uwele analima*. Bangime hubadilika kulingana na wakati. Jambo likiwa linaendelea, kitenzi hukaa mwisho, *mkulima uwele analima*. Likiwa limekwisha, kitenzi husogea katikati kama kwetu, *mkulima alilima uwele*. Mtoto wa Bounou, ambacho ni kimoja cha vijiji hivyo 7, hujifunza mwondoko huo kabla hajaota meno yote. Mdogon wa jirani akitaka kuijua Bangime lazima aubomoe mpangilio aliozaliwa nao.

Toni nazo zipo. Kiswahili sanifu hakina toni, lakini Mchaga au Mpare anajua jinsi kupandisha au kushusha sauti kunavyoweza kuligeuza neno. Bangime ina toni ya juu, ya chini na ile inayopanda. Kwa hili la kuwa na toni haiwi mgeni katika eneo lake, kwani lugha za Kidogon nazo zina toni, tena zenye tabia ya pekee: nomino ikifuatwa na kivumishi au kionyeshi fulani hupoteza toni yake na kuvaa nyingine. Ni jambo la kustaajabisha na linastahili makala yake. Nimelitaja ili ionekane kwamba kufanana katika jambo moja hakutoshi. Lugha zilizokaa pamoja kwa karne nyingi huambukizana tabia hata zisipokuwa za damu moja.

Sasa tuje kwenye jina, maana limebeba hadithi. Hantgan, aliyejifunza lugha hiyo huko huko Bounou, anaunganisha shina la *bang* na maana ya kujificha, kufanya jambo kwa siri. Bangime basi ingekuwa lugha ya siri, na Wabangande watu waliojificha. Ukitazama ramani ya historia ya eneo hilo, huoni ajabu.

Mwaka 1818 Seku Amadu alianzisha dola ya Kifulani ya Masina kwenye bonde la Niger, magharibi ya nyanda za Wadogon. Mwaka 1862 El Hadj Umar Tall akauteka mji mkuu wake, Hamdallahi. Miaka miwili baadaye naye alifia kwenye pango katika miamba ya upande wa Bandiagara, na mpwa wake Tijani akaufanya mji wa Bandiagara kuwa makao yake. Wafaransa wakafika mwaka 1893. Katika miaka yote hiyo, na mingi kabla yake, watu wa milimani walivamiwa na kukamatwa watumwa. Bonde la Wabangande limezingirwa na miamba, njia za kuingia ni chache. Masimulizi yanasema kwamba walioponyoka kwenye misafara ya watumwa walikimbilia humo wakapokelewa. Mahali kama hapo, lugha ambayo mvamizi haielewi ni ngome ya pili baada ya ile ya mawe.

Kutokana na hayo, Bangime imefananishwa na kile wanaisimu wanachokiita lugha pinzani, yaani lugha inayotunzwa makusudi ili watu wa nje wasielewe. Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano karibu naye. Milimani Usambara, Wambugu wana namna mbili za kusema. Moja ni ya Kibantu, iko karibu sana na Kipare. Nyingine, Ma'a, ina sarufi hiyohiyo ya Kibantu lakini maneno yake mengi yametoka kwenye lugha za Kikushi na kwingineko. Mmbugu akitaka kuonyesha kwamba yeye si Mpare wala si Msambaa, anayo silaha hiyo mdomoni.

Lakini Bangime na Ma'a hazifanani katika jambo moja kubwa, na hapa nadhani wengi hujikwaa wanaposikia maneno "lugha ya siri". Siri ya kutengenezwa hubadilisha maneno na kuacha sarufi. Ma'a imeacha sarufi ya Kibantu kama ilivyo. Watoto wa pwani wanaocheza kinyume hugeuza *mbuzi* kuwa *zimbu*, lakini sentensi inabaki ya Kiswahili. Sheng nayo imesimama juu ya Kiswahili. Kama Bangime ingekuwa Kidogon kilichofichwa, tungetegemea kuukuta mfupa wa Kidogon chini ya ngozi. Haupo. Kitenzi chake hakina mabehewa, na hakikai mahali pamoja. Watu wale waliitumia lugha yao kuwa siri, hilo laaminika, lakini hawakuiunda kwa ajili ya siri. Walikuwa nayo tayari.

Walikuwa nayo tangu lini? Blench anadhani kwamba Bangime ni mabaki ya lugha zilizokuwa zikizungumzwa huko kabla lugha za Kidogon hazijaenea, na kuenea huko anakuweka miaka 3,000 hadi 4,000 iliyopita. Ni makadirio, na msomaji ayachukue hivyo. Yanagongana na masimulizi maarufu ya Wadogon kwamba mababu walitoka nchi ya Mande, magharibi, na kufika gengeni karne ya 14 au ya 15, wakawakuta watu walioitwa Tellem. Kugongana huko si lazima kumaanishe kwamba mmoja anadanganya. Lugha 20 zilizotengana kiasi cha kutosikilizana hazizaliwi ndani ya miaka 500. Lakini ukoo unaweza kuhama na kufika mahali katika miaka hiyo, ukaleta hadithi yake ya kuja, na hadithi hiyo ikawa ya wote. Historia ya ukoo na historia ya lugha ni mito miwili.

Wabangande nao hawako peke yao katika upweke huu. Tanzania ina Wahadza wa kando ya ziwa Eyasi, ambao lugha yao haijapatiwa ndugu yeyote pamoja na miaka mingi ya kuitafutia miongoni mwa lugha za vidoko za Kusini mwa Afrika. Chad kuna Laal, nayo pia ni ya watu wachache. Tofauti ni kwamba Mhadza anajijua kuwa si Miraqw wala si Mdatoga, na jirani zake wanajua hivyo. Mbangande anasema yeye ni Mdogon. Hantgan na List wameandika kwamba wazungumzaji wa Bangime hawaonekani hata kutambua kwamba lugha yao haisikilizani na lugha yoyote ya Kidogon.

Basi nani yuko sahihi? Kwa maoni yangu wote wawili, maana wanajibu maswali mawili. Mwanaisimu anaulizwa maneno haya na sarufi hii vimetoka wapi, na anajibu kuhusu lugha. Mbangande anaulizwa yeye ni nani, na anajibu kuhusu miamba aliyokaa pamoja na Wadogon, uvamizi waliokimbia pamoja, na maisha wanayoishi sawasawa. Kule Tanga, Wasegeju wengi hawasemi tena lugha ya wazee wao. Ndugu zao Wadaiso, chini ya Usambara, ndio wanaoizungumza hadi leo, na iko karibu na Kikamba. Hakuna anayemwambia Msegeju anayesema Kidigo kwamba basi amekuwa Mdigo. Lugha inaweza kubadilika watu wakabaki, na watu wanaweza kujiunga na taifa jipya lugha yao ikabaki. Wabangande ni mfano wa hilo la pili, na ni mfano adimu.

Tunayajua haya kwa sababu wachache walikubali kukaa bondeni. Stefan Elders, Mholanzi, alikuwa akiichunguza Bangime alipofariki huko Mali mwaka 2007. Hantgan aliishika kazi hiyo, akaandika tasnifu yake ya mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Indiana, kisha yeye na Jeffrey Heath wa Michigan wakachapisha sarufi kamili mwaka 2018. Heath na Hantgan ndio wanaodhani kwamba ile miamba iliyowakinga watu ndiyo iliyoikinga na lugha.

Miamba hiyo haikingi kama zamani. Tangu vita vya mwaka 2012 vilipoanza kaskazini na baadaye kushuka hadi katikati ya nchi, eneo la Mopti na Bandiagara limekuwa miongoni mwa mahali penye umwagaji damu mkubwa zaidi nchini Mali. Tarehe 23 Machi 2019, karibu Wafulani 160 waliuawa katika kijiji cha Ogossagou. Mwezi Juni mwaka huohuo Wadogon 35 waliuawa Sobane Da, na watoto wengi walikuwa miongoni mwao. Vijiji hivi viwili si vya Wabangande, lakini barabara ni hizohizo na masoko ni hayohayo. Bangime haikuwa lugha inayokufa, watoto wamekuwa wakiipokea kutoka kwa wazazi wao. Uchache si ugonjwa. Hofu iko kwenye ramani: lugha ya mamilioni ikipoteza vijiji 7 haitikisiki, hii haina kijiji cha 8.

Mwaka 2023 Mali ilipitisha katiba mpya iliyokishusha Kifaransa kutoka lugha rasmi hadi lugha ya kazi, na lugha 13 za taifa zikapewa hadhi ya kuwa rasmi. Kidogon ni mojawapo. Ni hatua niliyoifurahia, kama atakavyoifurahia kila aliyesoma kwa lugha ya mkoloni. Lakini Kidogon kinachoandikwa vitabuni kimejengwa juu ya Toro So, lugha ya lile genge la Sangha ambalo wasomi wamelizoea tangu miaka ya 1930. Mjamsay akikisoma atahangaika, ila atakutana na mizizi anayoifahamu. Mtoto wa Bounou atafungua kitabu kilichoandikwa kwenye jalada kwamba ni cha lugha ya Wadogon, naye ni Mdogon, na ndani hatakuta lugha ya mama yake.